Lee Van Cleef, mbora wa wabaya

Ukitaka kuzua mzozo usio na mshindi barazani, waulize wazee waliokulia kwenye picha za kauboi ni ipi iliyokuwa mbovu kuliko zote. Kwa iliyo bora hawabishani sana. Wengi watakutajia The Good, the Bad and the Ugly, na maneno yataishia hapo. Lakini kwa ile mbovu, kahawa itapoa vikombeni kabla hawajaafikiana.

Nimewasikiliza sana katika mijadala hii, na nimeona jambo moja. Wakitaja iliyo bora, humo yumo mtu mwenye macho membamba na pua kama mdomo wa kipanga. Wakitaja zilizo ovyo, mtu yule yule yumo tena. Kizazi changu kilimkuta kwenye kanda za video, picha zikiwa zishachakaa kwa kukodishwa mkono hadi mkono. Jina lake ni Lee Van Cleef, na maisha yake yana funzo kuliko ule ubishi wenyewe.

Alizaliwa tarehe 9 Januari 1925 katika mji wa Somerville, jimbo la New Jersey, Marekani. Vita vikuu vya pili vilimkuta kijana mbichi, akajiunga na jeshi la majini na kutumika katika meli ya kutegua mabomu ya baharini. Vita vilipokwisha alirudi uraiani, akafanya kazi za hesabu maofisini, na jioni akacheza tamthilia za mtaani kwa kujifurahisha tu. Huko ndiko kipaji chake kilikoonekana. Akachukuliwa katika tamthilia kubwa ya Mister Roberts, iliyozunguka miji ya Marekani, na mtayarishaji wa filamu Stanley Kramer akamwona.

Hapo ndipo ulipomjia mtihani wa kwanza. Kramer alikuwa akitayarisha High Noon, picha iliyotoka mwaka 1952 na steringi wake akiwa Gary Cooper. Alitaka kumpa Van Cleef nafasi nzuri ya msaidizi wa sherifu, kwa sharti moja: akafanyiwe upasuaji wa pua, kwani ile aliyokuwa nayo ilimfanya aonekane mtu wa shari. Van Cleef alikataa katakata. Nafasi ile akapewa Lloyd Bridges, na yeye akatupiwa nafasi ya mmoja wa majambazi wanne. Katika picha nzima hatamki hata neno moja. Hata hivyo, picha inapofunguka, uso wa kwanza kuonekana ni wake.

Kwa miaka kumi iliyofuata aliendelea hivyo hivyo, adui mdogo nyuma ya adui mkubwa. Kazi yake ilikuwa kukunja uso, kupigwa risasi na kuanguka. Mwaka 1958 akapata ajali mbaya ya gari iliyomvunja goti, na madaktari wakamwambia kuwa kupanda farasi ndiyo basi tena. Kwa mtu anayekula kwa picha za kauboi, hiyo ni sawa na mvuvi kuambiwa asiingie baharini. Alipanda hivyo hivyo, kwa maumivu. Mwaka 1962 alionekana katika The Man Who Shot Liberty Valance, akiwa mfuasi tu wa adui, kisha simu zikanyamaza. Akashika brashi ya uchoraji ili siku zipite. Yeye mwenyewe alikuja kusimulia kwamba wakati huo hata bili ya simu ilikuwa ikimshinda.

Huku nyuma, Wataliano, jamaa wa hawa tunaowaona Malindi kila msimu, walikuwa wameanza kutengeneza kauboi zao. Walipiga picha katika jangwa la Almería, kusini mwa Uhispania, kwa pesa kidogo. Kila mwigizaji alisema kwa lugha yake, na sauti zikabandikwa baadaye. Wamarekani wakazicheka na kuziita kauboi za tambi. Mwelekezi Sergio Leone alikuwa ametoka kufaulu na Clint Eastwood mwaka 1964, na sasa alitafuta mtu wa makamo wa kusimama naye katika picha ya pili. Inasimuliwa kuwa wakubwa kadhaa walimkosesha, akiwemo Lee Marvin. Leone akaukumbuka ule uso usiosema wa High Noon, akaenda mwenyewe Marekani kumtafuta mwenye uso huo.

For a Few Dollars More ilitoka mwaka 1965, Van Cleef akiwa na miaka 40. Alikuwa Kanali Mortimer, mtu mzima mpole anayemsaka muuaji kwa ajili ya dada yake. Mwaka uliofuata Leone akamgeuza kuwa yule mbaya katika The Good, the Bad and the Ugly. Ukitazama pambano la mwisho pale makaburini, angalia mkono wake wa kulia: kidole cha kati kimekatika ncha. Inasemekana alikipoteza akimjengea binti yake kibanda cha kuchezea. Na katika picha hiyo hiyo, ilipofika zamu ya kumpiga mwanamke makofi, muuaji huyu wa skrini aliona tabu, maana hakulelewa hivyo. Ikabidi mtu mwingine asimame badala yake katika sehemu kubwa ya kipigo kile.

Baada ya hapo milango ikafunguka yote. The Big Gundown, Death Rides a Horse, Day of Anger, kisha Sabata ya mwaka 1969 iliyoongozwa na Gianfranco Parolini. Aliyekuwa akianguka risasi ya kwanza akawa jina lililoandikwa juu kabisa kwenye bango.

Sasa tufike kwenye ubishi wenyewe. Katika muda wa miaka kama kumi na mitano, kauboi zaidi ya 400 zilitoka mikononi mwa Wataliano na washirika wao. Nyingi zilipigwa kwa wiki chache, kwa nyumba zile zile za mbao na nguo zile zile. Wapo wanaoapa kuwa mbovu kuliko zote ni za Demofilo Fidani, aliyekuwa akiazima majina ya Django na Sartana ili tiketi ziuzwe. Mimi siwaungi mkono. Fidani alikuwa maskini wa kila kitu, na maskini akipika wali bila nazi hatumlaumu. Lawama ni kwa mwenye nazi, nyama na viungo, kisha akaunguza sufuria.

Ndiyo maana kura yangu naipa God's Gun ya mwaka 1976. Ilipigwa Israel chini ya mtayarishaji Menahem Golan. Ndani yake wamo Van Cleef, Jack Palance na Richard Boone, majina matatu mazito. Van Cleef ni mapacha wawili, kasisi anayeuawa na nduguye mpiga bunduki anayekuja kulipiza, naye kavishwa nywele za bandia ambazo hata mtoto angezicheka. Boone aliondoka kabla kazi haijakamilika, ikabandikwa sauti ya mtu mwingine. Na mwelekezi ni nani? Ni Parolini yule yule wa Sabata. Mwelekezi mmoja, mwigizaji mmoja, miaka saba tu katikati. Wengine watanijibu kwa Captain Apache ya mwaka 1971, ambamo Van Cleef amenyolewa masharubu, akafanywa Mhindi Mwekundu, na juu ya hayo akaimbishwa wimbo wa picha. Hoja yao ina uzito, sikatai.

Kilichobadilika ni soko, wala si mtu. Tangu mwaka 1970, Terence Hill na Bud Spencer walipowafanya watu wacheke kwa picha za Trinity, kauboi wa uso mkavu alianza kuchuja. Watayarishaji wakajaribu kila kitu. Mwaka 1974 wakamchanganya Van Cleef na Lo Lieh wa Hong Kong, bunduki na kung fu kwenye sufuria moja. Bajeti zikapungua, hadithi zikakonda, naye aliendelea kuitika kila alipoitwa.

Wapo wanaomlaumu kwa hilo, wakisema angechagua. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umeshiba. Mtu aliyekaa miaka akingojea simu isiyolia hajifunzi kukataa kazi. Na katika hizo mbovu, mtazame yeye peke yake. Kila kitu kimemwangukia, kuanzia hadithi hadi nywele, lakini macho yale yako kazini. Haigizi kwa dharau, wala hamwonyeshi mtazamaji kuwa yeye ni mkubwa kuliko picha ile. Kwetu tunasema kazi ni amana. Aliyekulipa, haki yake ni jasho lako lote, hata kama duka lake linakaribia kufungwa.

Aliendelea kufanya kazi hadi mwisho. Mwaka 1981 alikuwemo katika Escape from New York, na mwaka 1984 akawa mzee wa ninja kwenye televisheni. Alifariki tarehe 16 Desemba 1989 huko Oxnard, California, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 64. Leone alikuwa amemtangulia mwezi Aprili mwaka huo huo. Kwenye jiwe la kaburi lake kumeandikwa kuwa yeye ndiye mbora wa wabaya.

Ninapowaona vijana wetu, wa kike na wa kiume, wakijichubua ngozi kwa mkorogo ili wakubalike, naikumbuka pua ile. Aliambiwa ndiyo kizuizi chake, akakataa kuikata, na kwa muda mrefu alilipia kukataa kwake. Lakini rizki yake ilikuwa imekaa hapo hapo walipomwambia pana kasoro. Leone hakuvuka bahari kutafuta sura nzuri, kwani nzuri zilikuwa tele. Aliitafuta ile iliyokataliwa. Kwa hivyo endeleeni kubishana juu ya picha iliyo mbovu kuliko zote, lakini msimhukumu mtu kwa ubovu wa chombo alichopandishwa. Mtazameni alivyopiga kasia.