Ramadhani, Siku ya 14: Bi Zainab bint Jahsh alipoulizwa habari za mke mwenzake



Njaa tumeshaizoea, na kiu pia. Kigumu ni ule muda wa baada ya Alasiri. Umekaa barazani unangoja adhana, mtu anashuka kwenye bodaboda kutoka Dumila, na jirani yako ananong'ona kuuliza alikwenda kwa nani. Kwa muda huo nakuletea Bi Zainab bint Jahsh (r.a.).

Huyu ni binti wa shangazi yake Mtume (s.a.w.). Kwanza aliolewa na Zaid bin Haritha, aliyewahi kuwa mtumwa akaachwa huru. Ndoa ikawashinda, wakaachana. Kisha Mtume (s.a.w.) akamuoa, kwa amri iliyoshuka katika Suratul Ahzab. Unadhani watu walinyamaza? Wanafiki wa Madina waliisema ndoa ile vya kutosha. Basi Bi Zainab alishajua uchungu wa mambo ya nyumbani kwako kuwa gumzo la mtaa.

Haukupita muda mrefu, zamu ikawa ya Bi Aisha. Walikuwa wanarudi kutoka vita vya Bani Mustaliq, yeye akabaki nyuma akitafuta mkufu wake, akaletwa na Safwan bin Muattal. Hilo tu! Maneno yakazunguka Madina karibu mwezi mzima. Sasa angalia: kati ya wake wenza wote, Zainab ndiye aliyeshindana na Aisha kwa nafasi mbele ya Mtume. Na ndugu yake wa damu, Hamna, alikuwa mstari wa mbele kusambaza, akidhani anampigania.

Mtume (s.a.w.) akamuuliza Zainab mwenyewe. Hebu jiweke hapo. Uongo wala hauhitajiki. Kuguna tu, au kusema hayanihusu kwa sauti ile tunayoijua sote, kungetosha kummaliza mwenzake. Bi Zainab akajibu kwamba analinda masikio yake na macho yake, na kwa Aisha hajui ila kheri. (Simu hazikuwepo, nadhani angeitaja na simu.)

Allah akamtakasa Aisha katika Suratun Nur, kuanzia aya ya 11. Hamna akapata adhabu ya wasingiziaji.

Bi Zainab siku zake alizimalizia kwenye kazi za mikono. Akitengeneza ngozi, akishona, na kipato akikitoa sadaka. Umar alipompelekea fungu lake la dirham 12,000, alizigawa zote. Alifariki mwaka wa 20 Hijria, wa kwanza kati ya wake za Mtume kumfuata, na Umar ndiye aliyemsalia.

Na haya ya siku ile alipoulizwa, unajua tumeyapata kwa nani? Kwa Bi Aisha. Hakuficha kwamba mwenzake alikuwa na hasira za haraka, zilizopoa haraka. Lakini kwa dini, ukweli wa maneno, kuunga udugu na kutoa sadaka, alishuhudia kwamba hajapata kuona mwanamke aliyemzidi Zainab.