Mpishi Aliyeifungia Mboga Chupani

Mvua za masika zikishika Kenyenya, mboga hufurika sokoni hata muuzaji huona heri azigawe bure. Mnavu, majani ya kunde na mgagani, ambao Wagusii huuita chinsaga, hunyauka kabla ya magharibi na kuishia kwa ng'ombe. Ifikapo Januari, jua linapokaza, mboga zizo hizo huadimika na bei yake hupaa. Kila nikiitafakari kadhia hii, mimi mwalimu humkumbuka Nicolas Appert, mpishi wa Kifaransa ambaye madarasani tunamtaja kwa nadra, ilhali jina la Louis Pasteur hatulisahau. Naona hiyo ni dhuluma.

Appert alizaliwa mwaka 1749 mjini Châlons, mwana wa mwenye nyumba ya wageni. Kemia hakuisomea, elimu yake ilikuwa ya jikoni na ya ghala la mvinyo. Aliwapikia wakuu wa Ujerumani, kisha mwaka 1784 akafungua duka la peremende mjini Paris. Mapinduzi ya 1789 aliyaunga mkono, nayo yakamtia gerezani mwaka 1794. Aliponusurika, alijitosa katika swali moja tu: mboga ya leo italiwaje baada ya miezi mingi?

Alitia njegere na maharagwe mabichi katika chupa nene, akaziziba kwa koki na waya, akazivika mifuko ya kitambaa zisigongane, kisha akazichemsha majini kwa muda aliokuwa ameupima kwa kila aina ya chakula. Jeshi la wanamaji likavijaribu vyakula vyake. Mwaka 1810 serikali ilimtunuku faranga 12,000 kwa sharti kwamba aichapishe mbinu yake, naye akaichapisha bila kuficha. Mwaka huo huo, Peter Durand alipata hataza ya mbinu kama hiyo Uingereza, na mkebe wa bati ukaanza safari yake. Sababu halisi ya chakula kutooza Appert hakuijua. Kazi ya vijidudu ilidhihirishwa na Pasteur katika miaka ya 1860.

Mwaka 1814 majeshi yaliyoivamia Ufaransa yalikiharibu kiwanda chake cha Massy. Akaanza upya. Alifariki mwaka 1841, akiwa na miaka 91, akazikwa katika kaburi la mafukara.

Sisemi wanafunzi waige chupa zake. Mboga za majani hazina asidi ya kutosha. Mbegu za bakteria wa botulismu hustahimili maji yanayochemka, na sumu yake huua. Viwanda huzishinda kwa mvuke wa shinikizo, wenye joto la nyuzi 121 hivi.

Ninachotamani kiigwe ni daftari lake. Mama wa Kigusii huchemsha chinsaga kwa muda mrefu, akatia maziwa, akaiacha chunguni ilale, na ya kesho ikawa tamu kuliko ya leo. Wengine huyaanika majani mpaka yakauke. Mengi ya hayo hupokezanwa kwa macho na mikono tu. Basi likizo ya Desemba, jua likiwa kali, mwalimu wa sayansi awatume wanafunzi kwa bibi zao wakiwa na saa, mizani na kalamu: waandike majani yalichemshwa dakika ngapi, yalianikwa siku ngapi, na yalipolowekwa Februari yalikuwa na harufu gani.