Beryl Markham: Msichana wa Njoro aliyewashangaza wenye farasi

VIJANA wanaowatembeza watalii kwa ngamia katika ufuo wa Diani, Kaunti ya Kwale, wanafahamu jambo lisilofunzwa darasani: mnyama humsoma mtu kabla mtu hajamsoma. Mkono ukitetemeka, kamba haifai kitu. Elimu ya namna hiyo ndiyo aliyokulia Beryl Markham, mbali na Pwani, huko Njoro katika Bonde la Ufa, nayo ndiyo iliyomfikisha kwenye mashindano ya watu wazima akiwa angali kijana.

Alizaliwa Oktoba 26, 1902, kijijini Ashwell, Uingereza. Akiwa mtoto mdogo familia yake ilihamia Kenya, na baba yake, Charles Clutterbuck, akaanzisha shamba, kinu cha unga na mazizi ya farasi wa mbio. Mama hakuyastahimili maisha hayo. Alirejea Uingereza na kaka yake Beryl, binti akaachwa na baba.

Ardhi ile walowezi waligawiwa na serikali ya kikoloni, si na wenyewe. Hata hivyo, ni watoto wa wenyeji waliomfunza binti huyo kuishi. Alijua Kiswahili na lugha ya Wanandi, akatembea peku, akashika mkuki na kwenda kuwinda ngiri. Mwandani wake alikuwa mvulana aitwaye Kibii, ambaye alipotahiriwa aliitwa arap Ruta.

Mwandani wake mwingine alikuwa mbwa, Buller, mwenye damu ya mbwa wa mapigano na ya mbwa wa kuchunga kondoo. Usiku mmoja chui aliingia chumbani mwa msichana na kumchukua mbwa huyo. Alipatikana msituni, mwili umeraruliwa, roho ingali mwilini. Beryl alimuuguza kwa miezi mingi mpaka akasimama tena. Subira aliyoizoea katika kazi hiyo ilikuja kumfaa baadaye.

Ukame ulipoharibu mavuno, baba yake alifilisika, kwani alikuwa amejifunga kwa mikataba ya kuuza unga kwa bei isiyobadilika. Mzee akaenda Peru kutafuta riziki. Beryl, aliyeolewa mwaka 1919 kabla hajatimiza miaka 17, alikataa kumfuata. Alipanda farasi wake Pegasus akaelekea Molo kuanza kazi ya kufunza farasi wa mbio, na kabla ya kufikisha miaka 20 alikuwa mwanamke wa kwanza Kenya kupewa leseni ya kazi hiyo.

Leseni haikuwaondolea watu shaka. Mwaka 1926 alikuwa akimwandaa farasi dume aitwaye Wrack kwa mbio za St Leger jijini Nairobi. Kwa mujibu wa kitabu chake, majuma 12 kabla ya mashindano mwenye farasi alishawishiwa kwamba msichana kama yule hawezi kuaminiwa na mnyama wa thamani kubwa, akamhamishia Wrack kwa mfunzi mwingine. Miezi ya jasho ikapotea kwa neno moja la tajiri.

Aliyebaki kumtegemea alikuwa farasi jike, Wise Child, ambaye damu yake ilikuwa bora lakini kano za miguu yake zilikuwa zimeharibiwa na mazoezi ya pupa. Kumkimbiza sana kungemvunja. Kumpumzisha sana kungempeleka uwanjani bila pumzi. Beryl na arap Ruta walimkanda miguu, wakamfunga bendeji, wakampimia kazi siku baada ya siku. Hapa historia imekuwa na upendeleo: majina ya wenye farasi yamehifadhiwa vizuri, ya masaisi waliowalisha na kuwasugua ni machache mno.

Siku ya mbio, akiwa amepandwa na Sonny Bumpus, Wise Child alimpita Wrack na kushinda, ingawa miguu yake ilikuwa ukingoni.

Wasafiri wanaoziona ndege ndogo zikitua Ukunda watashangaa zaidi na sura ya pili ya maisha yake. Alijifunza urubani mwaka 1931 kwa Tom Campbell Black, kisha akasafirisha barua na abiria na kuwatafutia wawindaji makundi ya ndovu kutoka angani. Septemba 4, 1936, aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akapambana na giza na upepo wa mbisho juu ya Atlantiki kwa zaidi ya saa 21. Mafuta yalikatika, ndege ikachomeka kwenye kinamasi huko Cape Breton, Kanada. Alitoka na jeraha kichwani, akiwa mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini bila kutua.

Kitabu chake, West with the Night, kilichapishwa mwaka 1942 na kusahaulika hadi kilipotolewa upya mwaka 1983. Wapo waliodai kwamba kiliandikwa na mumewe wa tatu, Raoul Schumacher, na ubishi huo haujaisha. Kuhusu farasi hapakuwa na wa kubisha. Aliporejea Kenya alianza upya, akafunza washindi wa Derby ya Kenya mara 6.

Uzeeni pesa zilimwishia. Aliishi katika nyumba ndogo kando ya uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, na alifariki Agosti 3, 1986, akiwa na umri wa miaka 83.