Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu aliyesoma ndani ya ngome

Hapa Goma tunajua vizuri namna nyumba inaweza kupotea kwa siku moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka mpaka katikati ya mji, ikameza kathedrali ya Saint-Joseph pamoja na nyumba za watu, maduka na masomo. Kisha watu walivunja mawe yale meusi wakajenga tena. Lakini mawe hayarudishi kumbukumbu: nani aliketi katika kalasi ile, na alitoka humo akiwa nani? Ndiyo sababu leo tunawaletea maisha ya Padri Stefano Kaoze, na ya nyumba iliyomfundisha kusoma, kule Mpala, kandokando ya ziwa Tanganyika.

Tuanze na nyumba yenyewe, kwa sababu ilikuwepo mbele ya mtoto. Mpala iko kati ya Kalemie na Moba, pale mto Lufuko unaingia ziwani. Mwaka 1883 mwanajeshi Mbelgiji, Luteni Émile Storms, alifika pale akitumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika, lile la mfalme Léopold II. Alijenga boma lenye kuta nene na kiwanja katikati, kama nyumba ya vita. Na vita alivifanya kweli. Desemba 1884 watu wake walimuua Lusinga, mkubwa wa Watabwa, wakamkata kichwa. Storms alikibeba mpaka Ulaya, na fuvu lile limehifadhiwa Bruxelles hata leo. Watabwa hawajasahau.

Mwaka 1885 Storms aliitwa arudi kwao, na ngome ikaachwa mikononi mwa Mapadri Weupe, wamisionari wa Kardinali Lavigerie. Wao walikuta nyumba tayari, na hawakubomoa zile kuta. Wakati ule wafanyabiashara ya watumwa walikuwa wanazunguka ziwa, wanachoma vijiji na kufunga watu kamba. Watu wengi walikimbilia karibu na misioni. Mwaka 1887 alifika Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, akaongoza ulinzi. Basi ngome iliyojengwa kwa kutawala watu ikawa pahali pa kujificha, na polepole ikawa pahali pa kusoma.

Katika miaka hiyohiyo, karibu mwaka 1886, Kaoze alizaliwa upande wa milima ya Marungu, katika kabila la Watabwa. Alikua akisikia habari za vita, za utumwa na za wazungu wa pwani ya ziwa. Mwisho wa karne ya 19, akiwa bado kijana, alishuka Mpala kusoma. Hebu fikiria kidogo: mtoto wa Kitabwa anaingia mlango wa boma la mtu aliyebeba kichwa cha Lusinga, na ndani anakuta ubao, kitabu na mwalimu.

Mkubwa wa misioni zote za upande ule alikuwa Mgr Victor Roelens, Mbelgiji aliyezaliwa Ardooie mwaka 1858. Alikuwa mtu mkali, na hakuwa na haraka ya kusifu Waafrika. Hata hivyo alishika wazo moja: Kanisa la Kongo halitasimama bila mapadri Wakongomani. Alifungua seminari ndogo Mpala, ambapo vijana walisoma Kifaransa na Kilatini. Kaoze alikuwa mmoja wa wale wa mwanzo.

Njia ilikuwa ndefu. Kilatini, filozofia, teolojia, kisha majaribio juu ya majaribio. Ilimchukua zaidi ya miaka 15. Wenzake waliacha njiani. Wazungu wengi hawakuamini kama Mwafrika anaweza kufika mwisho wa masomo yale, tena akaishi bila bibi na watoto. Nyumbani pia haikuwa rahisi kueleza jambo hilo, kwa sababu kwetu mtu bila mtoto anaonekana kama mti usiozaa. Kaoze alibeba mizigo hiyo miwili kwa wakati mmoja.

Akiwa angali seminarista aliandika kwa Kifaransa juu ya mawazo na roho ya Wabantu. Andiko lake, La psychologie des Bantu, lilitoka katika Revue congolaise kati ya 1910 na 1911. Linahesabiwa kati ya maandiko ya kwanza kabisa ya Mkongomani kuchapishwa kwa Kifaransa. Wakati wengine walikuwa wanabishana kama mtu mweusi ana akili, yeye alichukua kalamu akaeleza namna watu wake wanavyofikiri.

Tarehe 21 Julai 1917, kule Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu ya Moba, Mgr Roelens alimpa upadri. Tukiacha wale wa ufalme wa Kongo wa zamani, kama Henrique, mtoto wa mfalme Afonso, aliyefanywa askofu karne ya 16, Kaoze ndiye padri wa kwanza wa Kongo.

Alirudi kutumikia watu wa Tanganyika. Alifundisha, akakusanya pia habari za kale za Watabwa ili zisipotee na wazee. Mwaka 1947 aliingia katika Baraza la Serikali kule Léopoldville, Mkongomani wa kwanza kuketi humo. Kiti kimoja kati ya wazungu wengi hakikuweza kugeuza nchi, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Alifariki mwaka 1951 Albertville, Kalemie ya leo, miaka tisa mbele ya uhuru ambao hakuuona.

Sasa mtu wa Goma atauliza: hiyo inanihusu nini mimi? Inakuhusu. Misioni za Kivu zilitoka katika ile vikarieti ya Kongo ya Juu ya Mgr Roelens. Kivu ilitengwa nayo mwaka 1929, na Goma ikatengwa na Bukavu mwaka 1959. Kila padri wa kwetu anayesimama leo altareni anapita njia ambayo Kaoze aliipita wa kwanza.

Na zile kuta je? Nyumba za zamani za misioni, ukiangalia vizuri, zinafanana: kiwanja katikati, baraza ndefu, kuta nene zinazoleta ubaridi wakati wa jua. Huku kwetu vita vimepita katika nyingi, wakimbizi wamelala katika kalasi, mvua inaingia kwa bati. Mara nyingine tunabomoa wenyewe, kwa sababu nyumba ya kisasa inapendeza macho. Mbele ya kubomoa, tuulize kwanza. Kama masomo ya mtaa wako ni ya zamani, tafuta mzee aliyesoma pale. Muulize nani alichoma matofali, nani alibeba mawe, mwalimu wa kwanza aliitwa nani. Andika majibu kwenye daftari, na tarehe pamoja. Kaoze alifanya hivyo kwa Watabwa wake, na alikuwa na kalamu tu.