Nahodha Spicer-Simson na Vita vya Ziwa Tanganyika

Sisi wa Rubafu, kando ya Ziwa Viktoria, tumezoea kusimuliwa jinsi majeshi ya Waingereza yalivyovuka maji kwa meli kutoka Kisumu, yakaushambulia mji wa Bukoba tarehe 22 na 23 Juni 1915. Mwezi ule ule safari nyingine, ya ajabu zaidi, ilianza Uingereza kuelekea Ziwa Tanganyika. Mkuu wake alikuwa Geoffrey Spicer-Simson, na maisha yake ndiyo ninayotaka kuwaeleza wasomaji.

Bwana huyu alizaliwa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, mwaka wa 1876. Akaingia katika jeshi la majini la Uingereza angali mvulana. Alipima mito ya China na Gambia, lakini bahati yake ilikuwa mbaya. Novemba 1914, yeye akiwa nchi kavu, manowari yake Niger ilipigwa na nyambizi ya Wajeremani ikazama.

Wakati huo Wajeremani walilitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao. Basi Spicer-Simson akapewa mashua mbili za mota, kila moja ya urefu wa futi 40, azipeleke huko. Moja aliiita Mimi, na ya pili Toutou. Kwa Kifaransa hayo ni majina ya kumwitia paka na mbwa, lakini msomaji wa Kiswahili atacheka, maana bwana huyu alipenda mno kujisifu.

Kutoka Cape Town mashua zilisafiri kwa reli hadi Fungurume, Kongo. Kutoka hapo zilivutwa kwa mitambo ya mvuke, ng'ombe na nguvu za watu kupita milima ya Mitumba. Waafrika wengi walikata njia, wakajenga madaraja zaidi ya mia. Majina yao hayakuandikwa.

Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Spicer-Simson akapata nishani. Lakini meli kubwa, Graf von Götzen, hakuthubutu kuishambulia. Mwezi wa Juni huko Kasanga alisita mbele ya boma, na Wajeremani wakatoroka kwa njia ya maji. Hakupewa tena uongozi wa manowari. Nayo Götzen, Wajeremani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Iliopolewa mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba.

Baada ya vita Spicer-Simson aliitumikia kazi ya amani huko Monaco, kuanzia 1921 hadi 1937, akiwa katibu mkuu wa ofisi ya mataifa ya upimaji wa bahari. Akafariki Kanada mwaka wa 1947.

Nilipoanza kusoma habari zake nilimwona shujaa. Nilipoendelea nikamwona mtu wa majivuno tu. Sasa naona yote mawili yana ukweli. Alifanya jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani, lakini hakulifanya peke yake. Kwa hiyo, wenzangu, tukimtaja nahodha huyu, tuwataje pia waliozivuta mashua zake mlimani. Bila mikono yao, Mimi isingaliona maji ya Tanganyika.