Ibn Battuta: Msafiri mashuhuri aliyevushwa Sahara na wasiotajwa majina

WENGI wa Afrika Mashariki humfahamu Ibn Battuta kama mgeni aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka wa 1331, akaisifu misikiti yake ya mbao, kisha akatweka tanga kuelekea Kilwa. Hata hivyo, safari iliyompima zaidi haikuwa ya baharini. Ilikuwa safari ya jangwani, miaka 21 baadaye, pamoja na msafara wa ngamia katika Sahara.

Abu Abdallah Muhammad Ibn Battuta alizaliwa Tangier, Morocco, mnamo Februari 1304, katika ukoo wa wanasheria wa Kiislamu. Aliondoka kwao mwaka wa 1325 akiwa na umri wa miaka 21, nia yake ikiwa kuhiji Makka. Hakurejea Morocco hadi 1349. Katika kipindi hicho aliizunguka Uajemi, Bara Hindi na nchi nyinginezo, na akawa kadhi Delhi na hata katika visiwa vya Maldives.

Licha ya tajriba hiyo yote, Sahara ilimkuta mwanafunzi. Alipofika Sijilmasa, mji uliokuwa lango la jangwa upande wa kaskazini, alinunua ngamia na kuwalisha kwa miezi minne ili wapate nguvu. Mnamo Februari 1352, akikaribia kutimiza miaka 48, aliandamana na wafanyabiashara waliokuwa wakielekea milki ya Mali. Mkuu wa msafara alikuwa Abu Muhammad Yandakan, wa kabila la Masufa.

Baada ya siku 25 walifika Taghaza, kijiji kisichokuwa na miti, ambacho nyumba na msikiti wake zilijengwa kwa mapande ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Wakazi wake walikuwa watumwa wa Wamasufa waliochimba chumvi. Kila chakula chao kililetwa kutoka mbali: tende kutoka kaskazini na nafaka kutoka kusini. Chumvi hiyo, iliyobebwa na ngamia, ilikuwa mali iliyotumiwa kama fedha. Hata hivyo, waliotoa jasho kuichimba walikunywa maji ya magadi.

Kutoka Taghaza, msafara ulikabili mwendo wa siku kumi ambako maji ni nadra. Bahati yao ilikuwa njema, kwani mvua ilikuwa imeacha madimbwi. Kwa sababu ya wepesi huo, Ibn Battuta na wenzake walizoea kutangulia mbele ya msafara, na walipoona malisho waliwaachia wanyama wao wale.

Mazoea hayo yalikoma ghafla. Msafiri mmoja aligombana na binamu yake, akabaki nyuma, akapotea. Ibn Battuta alimshauri binamu huyo amkodi Mmasufa afuate nyayo za ndugu yake, lakini akakataa. Kesho yake Mmasufa mmoja alijitolea bila malipo. Aliziona nyayo, ila mtu mwenyewe hakuonekana tena. Baadaye walikutana na msafara mwingine uliopotelewa na watu wake, na mmoja wa hao wakamkuta amekufa chini ya mti, mjeledi ukiwa mkononi, maji yakiwa umbali wa takriban maili moja tu. Tangu hapo Ibn Battuta hakuutangulia msafara wala hakubaki nyuma.

Katika kituo cha Tasarahla walipiga kambi siku tatu. Viriba vya maji vilitengenezwa, vikajazwa na kuvikwa magunia ili upepo usiyakaushe maji. Hapo ndipo alipokodiwa takshifu, yaani mjumbe wa Kimasufa aliyetangulia peke yake hadi mji wa Walata akiwa na barua, ili wenyeji watoke na maji kuupokea msafara mwendo wa siku nne. Ujira wake ulikuwa mithkali 100 za dhahabu. Iwapo takshifu angeangamia njiani, wengi katika msafara wangekufa naye kwa kiu.

Isitoshe, kiongozi aliyewaonyesha njia alikuwa chongo, na jicho lake la pili lilikuwa gonjwa. Pamoja na hayo, hakuna aliyeijua njia kumshinda. Usiku wa saba waliona mioto ya waliokuja kuwalaki, na furaha ikatanda kambini. Sehemu iliyosalia, iliyokuwa na joto kali, waliipita kwa kusafiri usiku kucha na kupumzika asubuhi. Waliingia Walata baada ya takriban miezi miwili.

Ibn Battuta aliendelea hadi Mali, akarudi kwa kupitia Timbuktu na Gao. Mnamo 1353 aliivuka tena Sahara katika msafara uliokuwa na watumwa wa kike wapatao 600. Kwa amri ya Sultani Abu Inan, alimsimulia Ibn Juzayy habari za safari zake, na kitabu kikakamilika mwaka wa 1355. Alifariki mnamo 1368 au mwaka uliofuata.

Kitabu hicho kimehifadhi majina ya masultani, makadhi na matajiri wasiohesabika. Jina la takshifu halimo, wala la yule kiongozi chongo, wala la mtumwa yeyote wa Taghaza. Ilhali bila ya watu wa aina hiyo, mwandishi asingefika Walata na kitabu chenyewe kisingekuwapo.