Maisha ya Askofu James Hannington

Tutasoma sasa habari za mtu ambaye safari yake ya mwisho ilipita katika nchi inayojulikana vyema na wanafunzi wetu wengi: nchi ya mpaka wa Kenya na Uganda, ambako leo uko mji wa Busia, na kaskazini yake mwamba wa Tororo. Mwanafunzi aangalie hasa kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa, kwa sababu itakayoonekana mbele.

James Hannington alizaliwa Hurstpierpoint, Uingereza, tarehe 3 Septemba 1847, katika nyumba yenye mali. Alikuwa mtundu mno. Utotoni alichezea baruti, ikamkata kidole gumba. Alifanya kazi katika biashara ya baba yake, kisha akaingia chuo cha Oxford, akautaka ukasisi pasipo kujua barabara kwa nini anautaka. Mtihani wa ukasisi ulimshinda mara ya kwanza. Mwaka 1874 alifanywa shemasi. Rafiki yake mmoja alikuwa amempelekea kitabu juu ya neema ya Mungu. Hannington alisoma dibaji tu, akakidharau, akakitupa kando. Alipokirudia baadaye, alisadiki kwamba msamaha haupatikani kwa bidii ya mtu, bali hupewa bure. Tangu hapo hilo ndilo lililokuwa mahubiri yake, ingawa tabia yake ya haraka haikumwacha kabisa, nasi hatuoni sababu ya kuificha.

Mwaka 1882 alikuja Afrika, akaugua homa na tumbo la kuhara damu, akarudishwa kwao. Alipopona aliwekwa wakfu kuwa askofu mwezi Juni 1884, na Januari 1885 alishuka Mombasa. Huko alimpa ushemasi William Jones, mtu aliyekuwa amekombolewa utumwani. Mwezi Julai waliondoka Rabai pamoja na wapagazi wapatao 200, wakaifuata njia fupi ya Umasaini. Askofu hakujua jinsi njia ile ilivyoogopwa Buganda, kwa kuwa Waganda waliamini kwamba atakayeiteka nchi yao atatoka mashariki. Wamisionari wa Buganda walijaribu kumwonya, onyo halikumfikia.

Kwa Sundu, yaani Mumias ya leo, alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu 50. Mpaka hapo aliamua, aliongoza, aliamuru. Tarehe 21 Oktoba, katika nchi ya Luba huko Busoga, vitenzi vinageuka: alikamatwa, aliburutwa, alifungiwa katika kibanda kichafu chenye wadudu, akalindwa na watu walevi, huku Luba akingoja neno la Kabaka Mwanga. Hakuna alichoweza kufanya ila kusoma zaburi na kuandika shajara. Ndani yake hajisifu. Anaungama kwamba nguvu zimemwishia, wala haoni jinsi atakavyostahimili, na ya kuwa amejiweka mikononi mwa Mungu pekee. Yule aliyekuwa akiwapita wapagazi wake kwa mwendo sasa hawezi kusimama kwa homa. Siku ya mwisho aliandika kwamba zaburi ya 30 imemtegemeza.

Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa, pamoja na wengi wa watu wake, ambao majina yao, kwa huzuni yetu, hayasomwi makanisani kama lake. Wachache waliponyoka. Jones aliwaongoza waliosalia kurudi pwani, wakafika Rabai Februari 1886, wamechakaa kwa njaa na safari.

Mifupa ya askofu ililetwa Mumias, na tarehe 31 Desemba 1892 ikazikwa Namirembe, Mwanga mwenyewe akiwapo. Baadaye Joseph, mwana wa Hannington, alikuja kufanya kazi Busoga, naye akambatiza mwana wa Luba.